Gauni la Kukulia

Mama mmoja, fundi cherehani, alimshonea bintiye magauni makubwa, apate ya kukulia. Yalimpwaya mabegani, yakamfika vifundoni. Ndipo mtoto akaitwa Kijiti, na ndipo wazazi wake wakaamini kuwa amekonda.

"Kijiko kimoja tu, binti yangu," baba alimbembeleza jioni moja.

"Nimeshiba, baba."

"Umeshiba nini? Hilo tumbo au kibweta cha sindano? Fungua mdomo!"

Jirani yao muuguzi alikuwa amekuja kujaribu sare yake mpya. Aliitazama sahani iliyojaa, kisha mtoto aliyekuwa akihema.

"Mwenzangu, kesho mlete kituoni tumpime."

"Afadhali," mama alisema. "Umpe na dawa ya kumnenepesha."

Kesho yake muuguzi alimvua Kijiti gauni, akampima uzito, kisha urefu. Akarudia tena.

"Uzito umezidi kwa umri na kimo chake."

Fundi alicheka. "Mizani yako imechoka. Huyu huyu Kijiti?"

"Mtazame, mwenzangu."

Alimtazama, na kicheko kikamkauka kinywani. Bila lile gauni, mbele yake alisimama mtoto mnene, mwenye mikunjo tumboni. Fundi aliyeweza kukisia kiuno cha mteja angali mlangoni hakuwahi kumpitishia mwanawe utepe wa kupimia.

"Nilikuwa namwona nani siku zote?" aliuliza.

"Ulikuwa unaliona gauni," muuguzi alijibu taratibu. "Jicho la mzazi hudanganyika, ndiyo maana tunapima. Sasa, usimnyime chakula wala usimcheke. Ninyi chagueni chakula bora na saa ya kula. Kiasi mwachieni yeye. Akisema ameshiba, mwaminini. Kiu aikate kwa maji, si soda. Na acheze."

Baba alipoambiwa, alijishika kichwa. "Mimi ndiye niliyemkimbiza na kijiko!"

Jioni hiyo Kijiti alibakiza chakula. Mkono wa baba ulikifuata kijiko, kisha ukarudi mezani.

Miezi ikapita. Kila alipopimwa, kimo kiliongezeka, uzito ukatulia.

Siku moja Kijiti aliingia mbio kutoka kucheza, jasho likimtiririka.

"Mama, nina njaa!"

Cherehani ikanyamaza. Fundi aligeuka, macho yamemtoka. Hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa mwanawe. Katika nyumba ile, njaa haikuwahi kupewa nafasi ya kubisha hodi.