Maji ya Kijani ya Nthiwa

Kila asubuhi Nthiwa alisafisha bwawa la kuogelea la tajiri mmoja wa Lavington. Hakuvumilia hata jani moja likielea. Jioni alirudi kwake Mutuini, na huko pia hakutulia, kwa maana nyuma ya nyumba alikuwa na bwawa lake dogo la samaki.

Bwawa hilo lilimnyima raha. Mkewe, Syokau, alikubali sukuma wiki yake ing'olewe ili lichimbwe, lakini kwa sharti. Samaki wakifa wote, shimo lingefukiwa apande mboga zake. Na sasa maji yamekuwa ya kijani! Nthiwa aliona haya kama mtu aliyevaa shati chafu kanisani.

Jumamosi moja aliyamwaga yote. Aliwaweka samaki kwenye karai, akasugua plastiki iliyotandikwa bwawani hadi ikang'aa, akajaza maji ya mfereji na kuwarudisha. Syokau alimwambia apunguze pupa. Wapi!

Asubuhi samaki walikuwa juu, midomo wazi, wakitafuta hewa. Saba walikuwa wamekufa. Nthiwa alizunguka bwawa kama kuku anayetaka kutaga. Syokau alisimama kando na jembe lake, tayari kufukia shimo. Alimkimbilia Wanjugu, jirani aliyefuga samaki miaka mitatu.

Wanjugu alifika bwawani, akayanusa maji. "Hii ni ya mfereji?"

"Ya mfereji, mama. Safi kabisa."

"Hapo ndio ulikosea. Iko na dawa ya kuua viini. Sisi tunakunywa tu, lakini samaki inawachoma wakipumua. Na ile kijani ulimwaga ndio chakula yao. Hapa si Lavington, Nthiwa."

Walipunguza maji nusu, wakaongeza ya mvua kutoka mapipa ya Wanjugu, wakiyamimina kutoka juu ili yaingie na hewa. Kisha Wanjugu akamweleza. Maji ya mfereji yakae siku mbili juani kwenye pipa lililo wazi. Abadilishe robo tu, si yote. Chakula kiwe kile wanachomaliza kwa dakika kumi, kwani kinachobaki huoza.

"Tumbukiza mkono mpaka kiwiko," alisema. "Kiganja ikianza kupotea, maji iko sawa. Ikipotea mapema, punguza chakula, ongeza maji."

"Na siku zingine nifanye nini?"

"Ukae."

Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Lakini Nthiwa alijikaza, na hakuna samaki mwingine aliyekufa.

Mwezi ulipokwisha alichutama na kuzamisha mkono. Maji yalipofika kiwiko, kiganja kilianza kupotea. Alitabasamu. Kisha akamwona Syokau akija na jembe, akaruka kusimama mbele ya bwawa.

Syokau alianza kuchimba vishimo vidogo kando ya bwawa.

"Ile robo unatoa usimwage ovyo," alisema. "Sukuma yangu itaitaka."