Thelathini kwa Mia

Jumamosi ile soko la Suva, hapa Fiji, lilifurika, na mvua ikamsukuma Semesa hadi mezani kwa Vilimaina, muuza maua. Sulu yake ya kiofisi, ile sketi ya kiume ya kijivu, ilikuwa chapachapa.

"Si wewe unayetabiri mvua redioni?" Vilimaina akamcheka, ua jekundu sikioni. "Mbona huna mwavuli?"

"Nilisema asilimia arobaini."

"Mvua inanyesha au hainyeshi, bwana. Hainyeshi arobaini."

Wakapendana papo hapo. Sisi wa meza za jirani tuliona. Kila jioni ilikuwa simu.

"Unanipenda?"

"Tisini na tisa kwa mia, mpenzi."

"Na hiyo moja umempa nani?"

Vilimaina akanuna siku mbili. Tangu hapo Semesa akajifunza kunyamaza.

Wiki tatu kabla ya harusi, Vilimaina akampigia. "Kesho Inoke anavuka na boti kwenda Kadavu kuchukua mikeka yetu ya harusi. Dhoruba ipo au haipo?"

"Thelathini kwa mia."

"Basi haipo."

Semesa alitaka kumwambia siyo hivyo. Akaogopa kununiwa, akacheka tu. Mwanamume mzima, jamani.

Inoke alikuwa kaka wa pekee wa Vilimaina. Bahari ilirudisha dumu la petroli, basi.

"Ulicheka, Semesa," Vilimaina alisema, akakata simu. Hakupokea tena. Harusi ikafa.

Baada ya miezi minne Semesa akapeleka jino la nyangumi kwa wazee wa Vilimaina, kuomba radhi. Wakalipokea, na likishapokelewa, neno limezikwa. Wakawaacha wawili mkekani, Vilimaina na gauni lake jeusi, amekonda, hana ua.

"Wazee wamekusamehe," akasema.

"Na wewe, Vili?"

Vilimaina akageuzia uso mlangoni.

"Niambie ndiyo au hapana. Nakufa mwenzio."

Vilimaina akamtazama, machozi yakimtoka. "Leo wewe ndiye unayetaka ndiyo au hapana?"

"Ndiyo."

"Thelathini kwa mia." Akainuka, akaingia ndani.

Semesa alilia palepale, bila aibu. Mwingine angehesabu amekataliwa, akaenda zake. Yeye asubuhi alikuja sokoni, akakaa kando ya meza ya maua. Thelathini aliijua. Ndiyo iliyomzamisha Inoke.