Sindano Iliyobaki

Saa moja asubuhi Mzee Aminieli aliingia sebuleni kwake, mtaa wa Sakina, akakuta mashine yake kongwe ya kupigia santuri haipo. Kufika saa nne mlinzi wake, Yiamat, alikuwa mahabusu, maana ufunguo wa nyumba alikuwa nao yeye. Mkewe Yiamat alikaa nje ya geti na mtoto mgongoni.

Koplo Hedwiga alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Macho yalimuuma.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Yiamat ameniua, mwanangu."

Kitasa kilikuwa kizima. Mezani ilibaki mashine nyingine, mpya, inayong'aa, na kando yake kiboksi chenye sindano moja. Hedwiga aliinyanyua mashine kwa mkono mmoja. Nyepesi. Mwizi gani anaacha hii?

Mama Tabea, mke wa mzee, alileta chai. "Mnisamehe imechelewa, mtungi wa gesi ulikuwa unaisha."

Hedwiga alimwita Calvin, fundi redio wa jirani. "Kati ya hizi mbili, ipi bora?"

"Ile kongwe, afande. Hii mota yake imefungiwa chini ya sahani ya kuwekea santuri, ikifa imekufa. Ile inazungushwa na mkanda. Unabadilisha mkanda, mkono wa sindano, hata mota, inakuwa mpya. Tena ina kasi ya tatu, ya zile santuri nzito za zamani. Hii haina. Nimembembeleza Mzee aniuzie, wapi!"

"Ndiyo maana ukaiiba."

Calvin alicheka, akaona koplo hacheki. "Mimi niache sindano hii? Ndiyo ya kasi ya tatu. Mji mzima sijaona nyingine."

Hedwiga alifikicha macho. Wa kuuza angebeba ile mpya. Wa kuitumia angechukua na sindano.

"Mzee, santuri nzito unazo ngapi?"

"Moja. Kwaya yetu ya kule mlimani. Anayeongoza ni marehemu mke wangu wa kwanza, Elinipa. Naipiga kila jioni."

"Chai inapoa," alisema Mama Tabea.

"Mama, kama unapikia gesi, kucha zako zina mkaa wa nini?"

Mama Tabea alitazama vidole vyake. Aliwaongoza hadi stoo bila kuambiwa, akavuta gunia la mkaa. Mashine ilikuwa nyuma yake, imefungwa kwa kitenge.

"Kwa nini hukuvunja santuri?" Hedwiga aliuliza.

"Angejua ni mimi. Na sauti ya mtu aliyekufa unaivunjaje?"

"Tabea," mzee alisema, "si ungeniambia tu?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unaongeza sauti."

"Na Yiamat?" Hedwiga aliuliza. "Umemwacha awekwe ndani?"

Mama Tabea alilirudisha gunia la mkaa mahali pake.

Hedwiga alipiga simu kituoni: Yiamat aachiwe. Kisha akamgeukia Mama Tabea. Hakuwa na nguvu ya kugombana na mtu.

"Chukua sweta, Mama. Mahabusu kuna baridi."