Kofia Iliyoitwa Salha

Soko la Kongowea Jumamosi asubuhi si mahali pa kumtafutia mtu mchumba. Kuna mikokoteni, kuna matope ya nyanya zilizopondeka, na kuna wachukuzi wanaopiga kelele "pisha" wakiwa wameshakugonga. Lakini mapenzi hayana adabu. Salha, binti wa mtaa wa Shika Adabu kule Likoni, alikutana na Jafar wa Kisauni papo hapo, kwenye kibanda cha muuza nyuzi, kila mmoja ameng'ang'ania kibunda kile kile cha uzi mweupe.

"Huo ni wa pamba, kakangu," Salha alimwambia. "Ni wa kushonea kwa mkono. Kwenye mashine utakukatikia."

"Umejuaje nina mashine?"

"Vidole vyako havina hata alama moja ya sindano."

Jafar alicheka akauachia. Alikuwa amevaa shati la kazi la samawati, na mguu wake mmoja haukutulia hata pale alipokuwa amesimama. Salha alivaa dera la manjano chini ya buibui, miwani ameipandisha juu ya mtandio, na manukato yake yalishinda harufu ya vitunguu vya jirani.

"Niachie namba basi. Uzi ukinikatikia nikulalamikie."

"Mlalamikie aliyekuuzia," Salha alijibu, na namba akampa.

Wakaanza kupigiana simu. Jafar alikuwa fundi wa mashine ya kudarizi ya kompyuta katika karakana moja ya Changamwe. Picha ikiingia kwenye kompyuta, sindano zinashuka zenyewe, na nembo ya shule inatoka kifuani mwa sweta. Salha alishona kofia za viua kama alivyofundishwa na mamake, Mwanatatu. Huchora nakshi kwa penseli juu ya kitambaa cheupe, hutoboa vitundu, kisha hukizungushia kila kitundu uzi mpaka kikazwe.

"Kofia moja miezi minne?" Jafar alishangaa. "Mimi naitoa kabla chai haijapoa."

"Ndiyo maana zako zote zinafanana kama mayai."

"Nishonee moja basi, laazizi, nijue tofauti."

"Ukae kitako kwanza. Hata kwenye simu nakusikia unatembea."

Akamshonea. Katika nyumba ya akina Salha, mwanamke humchorea mtu wake nakshi moja, na nakshi hiyo haichori tena kwa mwingine yeyote. Salha aliyatoa maua yake kwenye mlango wa kale aliokuwa akiupita Mji wa Kale tangu utotoni, akayageuza, akayapanga upya mpaka yakawa yake. Jafar alipoivaa kofia ile msikitini siku ya Ijumaa, mamake alianza kuuliza wazee wa posa waende lini. Wakakubaliana waende baada ya Idi. Ila Salha hakumweleza Jafar habari ya nakshi moja kwa mtu mmoja, maana kwao jambo hilo halielezwi, linajulikana tu. Jafar amelelewa katika nyumba ambako kofia hununuliwa dukani.

Na Jafar ni mtu ambaye kitu kizuri humuwasha mikono. Aliipiga picha kofia ile, akashinda siku kadhaa mbele ya kompyuta akiihesabu mishono, na Ramadhani ilipoingia mashine ikaitoa. Ilitoka nzuri, tusimnyime haki yake. Nyambura, mwenye karakana, aliinua ya kwanza juu akaizungusha.

"Hii ni noma, Jafar. Inaitwaje? Wateja wanataka jina."

"Salha," Jafar alisema, kifua mbele. Alidhani anampa mchumba wake heshima.

Idi ilipokaribia, Salha alikuwa akitoka kwenye feri upande wa Likoni aliposikia anaitwa.

"Salha!"

"Abee," akaitika kabla hajageuka.

Hakuna aliyekuwa akimwita. Mchuuzi mmoja alisimama kando ya njia, kofia kwenye kila ngumi, anapaza sauti: "Salha ya Idi hii! Kila mwanamume na Salha yake!" Maua yalikuwa yake. Alihisi amesimama pale bila nguo. Kabla hajapata nguvu za kuondoka, akatokea Rama, mwanamume aliyemposa mwaka uliopita Salha akamkataa, na kofia hiyo hiyo kichwani.

"Ulinikataa, mamangu," Rama alisema kwa sauti ya kusikiwa, "lakini leo nimekuvaa." Watu wakacheka.

Nyumbani habari ilikuwa imemtangulia.

"Salha, ndoo hapa," Mwanatatu alimwita. "Nakshi ile ulimshonea nani?"

"Jafar, mama. Yeye peke yake."

"Na Rama je? Na muuza samaki? Majirani wanasema mkono wako wanaujua, na wallahi hata mimi naujua. Wananiuliza una wachumba wangapi."

Salha alijifungia chumbani akapiga simu.

"Roho yangu," Jafar alipokea kwa furaha, "umeziona? Nilitaka nikushangaze."

"Umenivisha kila mwanamume wa Likoni, Jafar."

Jafar hakuelewa. Alipoelezwa, alijitetea, na hapo ndipo alipoharibu zaidi.

"Lakini nawe maua uliyatoa mlangoni, Salha. Na fundi wa mlango aliyaona kwa fundi mwingine. Sanaa yote imekwenda hivyo, mtu anatazama, anachukua."

"Fundi wa mlango hakuuita jina la mchumba wake akawaambia wapita njia bisheni hodi."

Jafar akasema kwa sauti ndogo, "Nitaifuta."

"Ifute."

Aliifuta kwenye kompyuta jioni ile, na Nyambura, alipoelewa, aliisimamisha mashine bila kubishana. Lakini Jafar alikuwa ameshaituma nakshi ile kwa rafiki zake mafundi wa Mikindani na Thika, na wao wameshawatumia wengine. Jafar akapiga simu kumweleza Salha kwamba haifutiki tena.

"Waambie wazee wasije," Salha alisema, akakata.

Tangu hapo Jafar hakutulia. Alipanda feri, akafika Likoni, akarudi bila kushuka. Alipiga simu zisizopokelewa. Alikosea nembo za shule, simba wakatoka bila mikia. Kule Shika Adabu naye Salha alikuwa akifagia ua uliokwisha kufagiwa. Alimpenda, na hasira yake kubwa ilikuwa hiyo.

Siku ya Idi, mitaa ilijaa kofia zile. Mwanatatu alikuwa barazani na majirani, masahani ya pilau mbele yao, na Rama miongoni mwa waliokuja kutoa mkono wa Idi. Ndipo Jafar alipotokea na kanzu nyeupe, kichwa wazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kichwa wazi siku ya Idi?"

"Niliyopewa sina uso wa kuivaa, na nyingine siitaki." Akawageukia waliokaa. "Salha alishona moja tu, akanipa mimi. Hizi mlizovaa nilizitoa kwa mashine bila kumuuliza, nikazipa jina lake. Mwenye kucheka anicheke mimi."

Hakuna aliyecheka. Rama aliivua kofia polepole akaiweka mapajani. Salha alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Nakshi ile imeshakwenda," alimwambia. "Sitaipata tena."

"Najua."

"Nikichora nyingine, utaipiga picha?"

"Hata kuitazama sana sitathubutu."

Salha aliuma mdomo asitabasamu. "Wazee waje itakapomalizika."

"Miezi minne, Salha?"

"Mitano. Mkono wangu una hasira."

"Laazizi, mashine yangu inaweza..."

"Basi kaoe mashine."

Jafar akaketi kwenye ngazi ya baraza, na kwa mara ya kwanza mguu wake ukatulia. "Nitangoja," alisema.

"Nenda kwenu ukale Idi."

"Aende wapi?" Mwanatatu aliuliza, akimsogezea Jafar sahani ya pilau. "Mkwe wangu hatoki hapa na njaa."

Majirani wakatazamana. Salha akaingia ndani upesi, ati anatafuta kijiko, wasimwone anavyolia.