Kasha la Maabara ya Ulinzi

"Simama!"

Mwenye koti jeupe hakusimama. Aliruka ngazi za stesheni tatu tatu, kasha la barafu kifuani.

Kipanga aliibwaga pikipiki yake ya Yamaha na injini bado inanguruma, akamfuata. Jasusi huyu hajawahi kupotewa na mtu, na leo hakuwa na mpango wa kuanza.

Redio sikioni ikakwaruza. Mkuu wake.

"Kasha lina vimelea vya ugonjwa. Mnunuzi ni mgeni, yuko kwenye treni. Usimpe nafasi."

"Nimekupata."

Jukwaani Kipanga akamkata mtama. Kasha likafunguka, vichupa sita vikabingirika sakafuni. Kimoja kikapasuka.

Bastola ya Glock mkono wa kulia. Wa kushoto ulishachomoa kidude cha kitengo chake cha ujasusi, chembamba kama kalamu, kinachotema moto wa kuyeyusha chuma. Ndivyo walivyofunzwa: kimoja kikipasuka, choma vyote.

"Usichome, kaka! Ni dawa!"

Moto ulishashika.

Yule bwana akabaki amepiga magoti, pingu mikononi. "Mke wangu ni fundi wa maabara. Sindano yenye vimelea imemchoma kazini. Nikaomba dozi moja tu. Wakasema hiyo ni akiba ya wakubwa. Nikavaa koti la mke wangu, nikaliiba kasha."

"Na mnunuzi?"

"Mnunuzi gani? Treni inapita hospitali."

 Kipanga akabonyeza redio.

"Mkuu, ulijua ni dawa?"



"Mabilioni yameingia maabara ile, tumeapa tunajenga kinga ya nchi nzima. Kinga yenyewe ni hizo dozi sita. Ziko wapi?"

"Zimeungua."

"Afadhali. Hakuna atakayeuliza zilikuwa ngapi. Kazi nzuri, rudi ofisini."

Afadhali! Mtu mzima, na mvi zake, anasema afadhali.

Kipanga akazima redio. Akamkabidhi yule bwana kwa polisi, akafunga vifungo vya koti lake, akatoka taratibu kama mtu anayekwenda kununua sigara. Watu wakampisha. Hakuna aliyejua jinsi alivyokuwa akijichukia.

Hakurudi ofisini. Alikwenda hospitali, wodi ya waliotengwa. Nyuma ya kioo mwanamke alijikokota kitandani, akanyanyua simu ya ukutani. Kipanga akanyanyua ya upande wake.

"Umetumwa na mume wangu? Dawa iko wapi, shemeji?"

"Nimeichoma mimi."



"Hukujua," mwanamke akasema.

"Sikuuliza."

Mwanamke akarudisha simu mahali pake, akavuta pazia.