Mgombea na Ng'ombe wa Kasaine

"Sikatai kukusaidia, Baba Lengai. Ninachokataa ni ng'ombe kulala chini ya kamba yangu ya nguo."

"Banda nitajenga mwenyewe. Nitaweka na turubai. Hutamsikia."

"Nisimsikie? Ng'ombe mwenye mimba kubwa namna hiyo? Akikohoa tu, wapangaji wangu wote wanaamka."

Mwanahalima alisimama kwenye geti lake, mikono yote ina unga. Yeye hukaanga maandazi na kuyauza barabarani kila asubuhi. Mbele yake alisimama jirani yake Kasaine, ameshika kamba. Mwisho wa kamba alikuwa Narok, ng'ombe mweusi, tumbo limejaa kama pipa. Alikuwa ameziba njia yote. Waliotaka kupita walisimama, na waliosimama walisikiliza. Hapa Lemara, mtaa wa Arusha, watu wawili hawaachiwi wagombane peke yao.

"Lakini si wewe uliyeniambia?" Kasaine akauliza. "Ulikuja mpaka kwangu. Ukasema yule mama akiingia Ikulu, ng'ombe wote watavalishwa hereni. Watahesabiwa. Halafu watachukuliwa."

"Nilikuambia. Sikukuambia uniletee mimi."

Watu wakacheka kidogo. Kasaine hakucheka.

"Basi kesho anakwenda Kisongo kwa shemeji yangu," akasema. "Kwa miguu. Huko hakuna atakayemwona."

Simaloi, mke wake, alikuwa nyuma ya ng'ombe. Aliweka kiganja juu ya tumbo la Narok.

"Hatafika," akasema taratibu. "Afisa mifugo alisema asitembezwe. Atazalia njiani."

"Afadhali azalie njiani akiwa wangu, kuliko azalie bandani akiwa wa serikali."

Hakuna aliyecheka tena.

Mama aliyesemwa hapo aliitwa Sifael Mungasi. Alikuwa anagombea urais, na alikuwa anakuja Arusha kufanya mkutano. Kabla yeye hajafika, maneno yake yalikuwa yameshafika, na kila mtu alikuwa na ya kwake. Kasaine alisikia habari ya ng'ombe. Wapangaji walisikia kwamba kodi za vyumba zitapanda. Mwanahalima mwenyewe, aliyekuwa na maneno kwa kila geti, alisikia kwamba wauza vyakula wa barabarani watafagiliwa. Hilo hakumwambia mtu. Alilala nalo tumboni.

Familia ya Kasaine iliishi kwa maziwa. Narok ndiye aliyelisha watoto, ndiye aliyemweka mwana wao Lengai shuleni. Wengine walikuwepo, lakini wangapi, Kasaine hakusema. Baba yake alimfundisha kwamba mtu hahesabu ng'ombe wake mbele ya watu. Ukimuuliza unao wangapi, anajibu, "Wapo." Sasa unamwambia mtu kama huyo kwamba ng'ombe wake wataandikwa. Ni kama kumwambia avue nguo sokoni.

Siku hiyo Narok alirudishwa bandani. Kasaine akafunga geti kwa mnyororo. Akawaambia watoto, "Mtu akiuliza kama tuna ng'ombe, semeni hamjui."

"Lakini si wanalia, baba?" mtoto mdogo akauliza.

"Semeni ni wa jirani."

Asubuhi, kabla safari ya Kisongo haijaanza, wakaja wanaume wawili wamevaa vizibao vinavyong'aa. Walikwenda geti kwa geti, wanatazama chini, wanaandika. Simaloi aliwaona kupitia tundu. Alikimbilia bandani, akamfunika Narok kwa shuka na turubai, akamshika pua asilie. Kasaine alisimama nyuma ya geti na fimbo.

"Hodi wenyewe."

Wakagonga geti.

"Hodi. Tunasoma mita ya maji."

Wanaume wakangoja, wakaondoka. Chini ya turubai Narok alikuwa anahema vibaya. Simaloi akalifunua, akakaa chini kwenye nyasi, akalia.

"Leo umeogopa wasoma mita," akamwambia mumewe. "Kesho utaogopa nani? Mimi nakwenda kwa mwalimu Hedwiga."

Mwalimu Hedwiga alifundisha watu wazima kusoma na kuandika kwenye chumba cha kanisa. Wakati wa uchaguzi alifundisha pia elimu ya mpiga kura. Alikuja jioni hiyo hiyo, na Mwanahalima akamfuata nyuma. Mwanahalima hawezi kuona mgeni anapita asijue anakwenda wapi.

"Shikamoo mwalimu," Kasaine akasema.

"Marahaba. Nasikia ng'ombe wako wanahama."

"Wanaokolewa."

"Unao wangapi?"

"Wapo."

Mwalimu akatabasamu. "Vizuri. Sikuulizi tena. Nikuulize lingine. Hayo maneno ya yule mgombea, umemsikia mwenyewe?"

"Nimeambiwa na Mama Najat."

Mwalimu akamgeukia Mwanahalima. "Na wewe?"

"Mimi nimetumiwa kwenye simu. Kwenye kundi letu la kufa na kuzikana. Ni sauti yake kabisa, mwalimu. Sikiliza."

Akaifungua. Sauti ya mwanamke ikasema, "Kila ng'ombe wa nchi hii atavalishwa hereni. Kila ng'ombe ataandikishwa..." Kisha ikakatika.

"Inaendelea wapi?" mwalimu akauliza.

"Imeishia hapo."

"Mtu anayehutubia haishii hapo. Aliyekata ameacha nini? Wewe hujui, mimi sijui. Na habari ya kuchukuliwa ng'ombe, mbona humu haimo?"

Mwanahalima akatazama simu. "Hiyo walisema watu chini yake. Mimi nikaongeza kidogo tu, ili iende."

"Ukaongeza," Simaloi akasema. "Mume wangu hali, halali. Wewe ukaongeza."

Mwanahalima akainamisha kichwa. Kasaine alimtazama, kisha akatazama pembeni. Tangu hapo hakumsemesha.

Mwalimu akavuta kigoda. "Sikilizeni. Mgombea anapotaja mambo yake, afya, elimu, maji, mifugo, biashara, hizo ndizo sera zake. Ni ahadi ya kazi atakayofanya. Mimi simwambii mtu ampigie nani kura. Hiyo si kazi yangu. Ninachosema ni hiki. Sera haiogopwi na haishangiliwi kabla hujaiuliza. Muulize, utafanya nini hasa? Nani atalipa? Na je, hilo linaamuliwa na rais, na Bunge, au na halmashauri yetu hapa mjini?"

"Rais si anaweza yote?" Kasaine akauliza.

"Hawezi yote. Kukuchukulia mali yako lazima kuwe na sheria, na sheria hupita Bungeni. Ndiyo maana mbunge na diwani unawachagua pia. Wengi hapa wanatazama rais tu, hao wengine wanaweka tiki bila kuwajua."

"Mimi nikisimama kuuliza habari ya ng'ombe, wote watajua ninao. Wataniandika jina."

"Uliza kama raia. Hulazimiki kusema una nini. Na siku ya kura unaingia mwenyewe, unaweka alama mwenyewe, hakuna anayekuona. Mtu akikuomba kadi yako ya mpiga kura akutunzie, usimpe. Hata kama ni ndugu."

"Mkutano uko lini?" Simaloi akauliza.

"Kesho kutwa. Mngoje Narok mpaka hapo."

Kasaine akatazama bandani. "Mpaka hapo tu," akasema.

Siku mbili hizo zilikuwa ndefu. Magari ya matangazo yalipita, na kila yalipopita Kasaine alitoka nje kutazama kama yanasimama. Narok naye alianza kulegea kiunoni. Alikuwa karibu kuzaa.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa mpira karibu na Daraja Mbili. Watu walijaa. Kasaine alisimama nyuma kabisa, karibu na njia ya kutokea, amejifunika shuka mpaka kidevuni. Kijana mmoja alipita na kamera. Kasaine akageuza uso.

Sifael Mungasi alikuwa mwanamke mfupi, sauti nzito. Alianza na afya. Alisema anataka kila familia iwe na bima, mtu asiuze shamba ili atibiwe. Akaja kwenye elimu, akasema vyuo vya ufundi vitafika kila wilaya. Akasema maji, akasema barabara za kutoa mazao mlimani. Akasema wafanyabiashara wadogo. Kisha akasema mifugo.

"Kila ng'ombe wa nchi hii atavalishwa hereni. Kila ng'ombe ataandikishwa, ili akiibiwa tujue ni wa nani, na chanjo ikija tujue nani hajapata."

Mwalimu Hedwiga akamgusa Kasaine begani. "Umesikia kilichokatwa?"

Kasaine akavuta shuka juu zaidi. Hofu haitoki kwa mara moja.

Mgombea akasema yuko tayari kuulizwa. Mikono ikapanda. Mwanahalima alipanda juu ya jiwe, akapunga mkono kuliko wote, na kipaza sauti kikamfikia. Akakishika. Akafungua kinywa. Mwanamke anayesikika mtaa mzima, hapo sauti ikapotea. Watu wakaanza kunong'ona. Akatazama huku na huku, akamwona Kasaine, akapita katikati ya watu mpaka kwake na kumpa kipaza sauti.

"Uliza wewe," akamnong'oneza. "Ni lako."

Uwanja wote ukageuka. Kamera ikageuka. Alitaka kukiangusha akimbie. Akamwona Simaloi anamtazama.

"Shikamoo mheshimiwa," Kasaine akasema. "Hiyo hereni. Ng'ombe akishavaa, anakuwa wako au anabaki wa mwenyewe?"

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa cha wanaotaka kujua pia.

"Anabaki wa mwenyewe," mgombea akajibu. "Hereni ni kama namba ya pikipiki. Pikipiki yako ina namba, lakini bado ni yako."

"Na anayenunua hereni ni nani?"

"Mwanzoni serikali. Baadaye mfugaji atachangia. Sitawadanganya."

Manung'uniko yakapita uwanjani. Kasaine akaendelea, sauti sasa imesimama. "Mwenye ng'ombe wengi atapunguziwa kwa nguvu?"

"Hapana. Hilo halimo kwenye sera zangu. Na hata ningetaka, Bunge lingepaswa kupitisha sheria, na nyinyi mngemkaba mbunge wenu."

Mwanahalima, sauti ikiwa imemrudia, akamvuta Kasaine mkono na kusema kwenye kipaza sauti hicho hicho, "Na sisi wa maandazi?"

"Nyinyi mtapata masoko. Yajengwe kwanza, ndipo mhame. Lakini mahali pa soko huamuliwa na halmashauri. Kwa hiyo diwani wenu naye mkamuulize."

Wakati wa kurudi nyumbani Kasaine alitembea haraka.

"Utampigia kura?" mwalimu akamuuliza.

"Sijui. Hereni ya kuchangia siipendi. Na bima hakusema fedha zitatoka wapi."

"Basi nenda ukawasikilize na wengine, uwaulize hivyo hivyo. Kumkataa ni haki yako. Sasa utakataa au utakubali kwa kujua."

"Nitakwenda," Kasaine akasema.

Jioni hiyo hakutafuta mtu wa kusaidia kumpeleka Narok Kisongo. Aliweka nyasi mpya bandani. Hofu ilibaki, lakini alimwambia Simaloi, "Nikimpeleka mbali, nitakuwa nimekimbia maneno ya simu."

Kesho yake mchana Narok akaanza uchungu. Mguu mmoja wa ndama ukatokea, wa pili haukuonekana. Narok alilala, akanyoosha shingo, akalia sauti ambayo Simaloi hakuwahi kuisikia. Mwanahalima alisikia kutoka kwake. Hakuuliza kitu. Aliacha karai la mafuta jikoni, akatoka mbio hadi barabarani kumtafuta afisa mifugo, akarudi amepanda nyuma ya pikipiki yake, kanga imeshikiliwa kwa meno.

Afisa mifugo alivua shati, akanawa mikono, akaingiza mkono taratibu. Mguu wa pili ulikuwa umekunjwa ndani. Kasaine alishika kichwa cha Narok. Simaloi alishika mkia. Mwanahalima alisimama nje ya banda na midomo yake ikisoma dua.

Ndama alitoka akiwa mlegevu. Afisa akamsugua kwa nyasi, akampulizia puani. Akamsugua tena. Kisha ndama akapiga chafya.

"Ni jike, mtamba," afisa akasema. "Huyu mama yake angekuwa njiani leo, mngewazika wote wawili."

Kasaine akakaa chini pale pale kwenye matope. Akamtazama Narok akimlamba mtoto wake.

Siku zilizofuata alikwenda kwenye mikutano ya wagombea wengine, wa urais, wa ubunge na wa udiwani. Kila mahali aliuliza. Wengine walimjibu vizuri, mmoja akamwambia akae chini, na Kasaine akalikumbuka hilo. Alianza kwenda huko na Simaloi na majirani wawili watatu. Wale wa kundi la kufa na kuzikana wakakubaliana kwamba sauti iliyokatwa haitumwi tena mpaka aliyeituma aseme ameipata wapi. Wa kwanza kukubali alikuwa Mwanahalima. Siku ya kura walipanga mstari wakachagua, na mpaka leo haijulikani nani alimpa nani kura. Hata Mwanahalima hajui, na hilo linamsumbua.

Lakini yeye na Kasaine walikuwa bado hawajasemezana. Kila jioni alipita mbele ya geti, akatazama ndani kidogo, akaenda zake. Aliona aibu. Aliogopa kwamba jirani amemfuta.

Jioni moja Simaloi alikuwa amepika loshoro, mahindi yaliyoiva na maziwa ya mgando juu yake. Geti lilikuwa wazi, mnyororo umening'inia. Mwanahalima akapita. Akapunguza mwendo, akaangalia miguu yake.

"Mama Najat," Kasaine akaita.

Akasimama. "Abee."

"Mbona unapita kama mgeni?"

"Nilidhani hutaki kuniona."

"Sikutaka." Kasaine akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi. "Ingia ule. Maziwa ni ya Narok."

Mwanahalima akavua ndala mlangoni.

"Karibu ndani," Simaloi akasema, akimpa maji ya kunawa. "Karibu tule."