Roshani ya Shangazi

Kijana alikuwa akirudi nyumanyuma katikati ya ukumbi wa stesheni, shingo juu kutazama matao ya dari, asubuhi ile watu wanapopigana vikumbo kuwahi treni. Akamkanyaga dada mmoja mwenye buti za kupandia mlima na kofia ya rangi ya chungwa.

“We kaka, macho huna?”

“Ninayo, dada, ila yamebaki juu. Samahani.”

Dada alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza watu kwenye njia za mlima ulio nyuma ya jiji. Kijana alikuwa mkaguzi wa majengo ya kale. Kuanzia hapo wakawa chanda na pete. Jumamosi kijana anamzungusha mitaa mikongwe, anamwonyesha ngazi za mawe na madirisha ya vioo vya rangi. Jumapili dada anampandisha mlima mpaka ulimi nje.

“Mpenzi, tumefika?”

“Bado, babu yangu. Kaza mwendo.”

Mambo yaliponoga, dada akampeleka kijana kwa shangazi aliyemlea, fundi cherehani, kwenye nyumba ya zamani yenye roshani ya mbao juu ya barabara. Shangazi alishonea hapohapo roshani, penye mwanga. Kijana alivaa shati jeupe lililonyooka kwa pasi. Shangazi akampenda, akammiminia chai, akaanza kumwita mwanangu. Lakini mazoea ya kazi ni ugonjwa: huku akijibu maswali ya kwao, kijana aligonga nguzo ya roshani kwa vidole, akasikia uwazi ndani. Akanyamaza. Akamaliza chai, akaaga kwa adabu zote.

Kesho yake watu wa manispaa walikuja na utepe, wakaifunga roshani. Aliyetoa taarifa ni nani? Mkwe mtarajiwa!

“Shangazi analia,” dada alisema kwenye simu. “Na chai yake ulikunywa!”

“Mpenzi, nguzo imeoza, ingemuua.”

“Nguzo nimeelewa. Kinywa chako kilikuwa wapi?” Akakata.

Siku zikapita dada hapokei simu za kijana. Alimkumbuka mpaka chakula hakishuki, lakini kiburi kikamzuia. Halafu Jumapili moja akamwona mkiani mwa kundi lake la wapandaji, anahema, shati limelowa. Wengine walipoketi kupumzika, akamfuata.

“Huku mlimani ukiona jiwe linacheza unapiga kelele, mwenzako asikie,” alimwambia. “Hungoji ukaandike ripoti.”

“Niliona aibu. Ananiita mwanangu, nami nimwambie nyumba yake imeoza? Nilikosa. Jana nimekwenda kumwomba radhi. Kanitukana weee, kisha kanipa chai. Roshani haivunjwi, inatengenezwa. Mafundi wanaanza kesho.”

“Mbona shangazi hajaniambia?”

“Nilimwomba aniachie nikwambie mwenyewe. Na kuna jingine, sitaki kulificha. Mimi naogopa mahali pa juu. Kila Jumapili napanda huku magoti yanagongana.”

“Miezi yote hii?”

“Yote. Mlima siupendi hata kidogo. Nakupenda wewe, na nataka kukuoa.”

Dada aliangua kicheko, machozi yakamtoka papo hapo. Jiji lote lilikuwa limetandazwa chini yao na kijana hakuthubutu kuligeukia.

“Basi usitazame chini,” alimwambia, akamshika mkono kwa nguvu. “Nitazame mimi. Nimekubali.”